Tunda la Yago na Meli Iliyozama

Tunda lilikuwa limeshachumwa. Lilikaa ndani ya gunia nyuma ya nyumba ya mama, refu na zito kama mkono wa mtu mzima. Kwetu, mtu akimezwa na ziwa na mwili usipatikane, familia huzika tunda la mti wa yago mahali pake, ili asibaki nje bila makao. Kaka yangu alikuwa amepotea kwa siku kumi na mbili. Wazee walisema tuzike Jumamosi.

Mimi ndiye niliyekataa. Nilisema tusizike tunda kabla mtu hajaingia ndani ya meli.

Meli hiyo ya chuma ilizama enzi za wakoloni, mbele kidogo ya ufuo wa Luanda Kotieno. Wavuvi wa mbuta wanaijua kwa sababu inashika nyavu zao. Kaka aliishi kwa kuzinasua. Alizamia peke yake, na mtungi wa hewa mgongoni na kamba kiunoni. Siku ile kamba ilivutwa ikaja tupu.

Alikuwa amenifundisha kuzamia kwenye maji ya kifuani tu. Wazee niliwaambia najua kazi hiyo. Niliwadanganya.

Ijumaa asubuhi nilikwenda na mzamiaji mmoja kutoka Kisumu, mtu mwenye tumbo kubwa aliyewahi kufanya kazi na kaka.

"Omera, ndugu yangu, unapumua kama ng'ombe wa kulima," aliniambia tukiwa bado kwenye mashua. "Utamaliza mtungi kabla hatujalowa."

"Niko sawa."

"Uko sawa na meno yanagongana? Sikiliza. Mlango wa chumba cha mashine ni mwembamba, hili tumbo halipiti. Wewe utaingia, mimi nitashika kamba nje. Ukiogopa, vuta mara mbili. Hakuna atakayekucheka isipokuwa mimi."

Maji yalikuwa ya uvuguvugu na ya kijani. Tukashuka, yakawa ya kahawia, kisha sikuona hata vidole vyangu bila tochi. Nilisikia pumzi yangu tu. Meli sikuiona ikija. Niligonga chuma kwa goti. Nyavu kuukuu zilining'inia kila mahali, zikisogea polepole, na kila iliyosogea nilidhani ni yeye.

Mzamiaji alinionyesha mlango. Nilipitisha kichwa na bega moja. Matope yakatibuka, wavu ukanigusa shavuni, nikafumba macho. Nilipoyafumbua, matope yalikuwa yametulia kidogo, na mbele yangu, kama hatua tatu ndani, palikuwa na kitu cheupe. Huenda kilikuwa gunia. Siku ile kaka alivaa fulana nyeupe.

Hatua tatu. Nilivuta kamba mara mbili.

Juu, mzamiaji hakunicheka. Alinibadilishia mtungi, akaniuliza kama nitarudi. Nilishika kipumulio, lakini mkono haukukifikisha mdomoni. Mashua ikageuzwa.

Mama alikuwa ameketi mlangoni. Ningeweza kumwambia hakuna kitu mle. Wazee wangeamini, naye angelala. Nilimwambia yote: mlango, kitu cheupe, hatua tatu, na kwamba niliogopa.

Akauliza, "Ulimwona uso?"

"Hapana, mama."

"Na kama ungenaswa, hili gunia lina tunda moja tu." Alijifunga leso upya. "Asiingie mtu mwingine mle. Nimesema."

Jumamosi tulizika. Nililibeba mimi mwenyewe hadi kaburini, kwa mikono miwili, kama mtoto aliyelala. Wazee waliomba, wanawake wakalia, udongo ukarudishwa. Mama hajawahi kuniuliza tena.

Nikipanda feri ya Mbita pale Luanda Kotieno, hukaa upande usiotazama ile meli ilipo. Hata hivyo, kila safari najikuta nikihesabu hatua: moja, mbili, tatu.