Divosi Niliyoitamka Dukani Kwangu

Kosa ni langu. Msimtafute mwingine wa kumlaumu. Mimi mwenyewe nilimtafuta sana, nikamkosa.

Mimi ni fundi cherehani hapa Kicukiro. Shule nilikaa kidogo nikatoka, lakini cherehani hizi nimenunua kwa jasho langu na nyumba hii nimejenga mwenyewe. Sasa hapa Kigali kila msomi anaringa na Kifaransa. Nikaona mimi nichukue Kiingereza, hakuna wa kunikosoa!

Nilikuwa na mpangaji, dereva wa lori kutoka Mombasa. Ndiye aliyenipa neno "divosi". Akasema ni kuachana. Jamani, nililipenda! Kifungo kikikatika kwenye koti, divosi. Mteja akihamia kwa fundi mwingine, divosi.

Siku moja mke wangu, Mama Zubeda, akaniletea chai mbele ya wateja. Nikaonja. "Sukari iko wapi? Imefanya divosi na chai?"

"Koroga, mzee," akajibu. "Au hicho Kiingereza chako hakina kukoroga?"

Wateja wakaangua kicheko. Dukani kwangu! Nikamnyooshea kidole: "Mimi na wewe, divosi!" Nikalirudia mara mbili zaidi, lisikike vizuri.

Dereva alikuwa mlangoni, anacheka na wenzake. Akaacha kucheka. "Mzee! Umempa mkeo talaka tatu!"

Yalaa! Mimi nilitaka tu aniondokee pale na chai yake.

Kaka zake wakaja kumchukua, kisha tukaitwa wote kwa shehe. Mtu mpole yule. Akaniambia, "Mzee, neno lenyewe ni geni. Kama hukujua kuwa ni talaka, basi hakuna talaka. Chukua mkeo mwende nyumbani. Ulijua?"

Mama Zubeda akaniangalia. Alikuwa amekuja na kifurushi chake cha nguo, tayari kurudi kwangu. Lakini kaka yake mmoja, mwalimu wa Kifaransa, alikuwa anatabasamu.

Ah, tabasamu lile!

"Mimi nisijue?" nikasema. "Lina maana nne." Nikazitaja zote: kifungo, mteja, sukari, mume na mke. Nikatoa na mifano.

"Basi," akasema shehe, akainamisha kichwa.

Mama Zubeda hakulia. Aliniuliza tu, "Umemaliza, mzee?"

Nikasema nimemaliza.

Alipotoka eda akaolewa na muuza mkaa wa Biryogo. Hajui Kifaransa, hajui Kiingereza, na ukimuuliza anakuambia hajui. Wanaishi vizuri, nasikia.

Wazee wenzangu mliojijenga wenyewe, sikilizeni! Siku mtu akikufungulia mlango wa kusema "sikujua", pita hapo haraka, hata kama mwalimu anacheka. Atacheka, atachoka, atakwenda kwake.

Mimi chai yangu sasa nakoroga mwenyewe.