Kobe Aliyefundishwa Kiswahili

Mtu akikwambia kompyuta ni bati na nyaya tu, mwache aseme. Hajawahi kubaki nayo nyumba moja baada ya msiba.

Bwana Nukta alikuwa mpiga chapa. Chumba chake kilitazama barabara: meza mbili, benchi la wateja, printa iliyokohoa kabla ya kutoa karatasi, na kompyuta waliyoiita Kobe. Jina la Nukta alibandikwa na wateja, maana barua ikipita mikononi mwake kila sentensi ilitoka fupi na kufungwa barabara. Mkewe wakamwita Bi Mkato. Yule mama akianza kusimulia jambo, alivuta pumzi tu akaendelea. Watu walicheka wakasema hawa wameoana wakapatana, mmoja asimame mwingine aende.

Kobe walimnunua mtumba kutoka ofisi iliyokuwa inafungwa, ubavuni bado ana kibandiko cha namba za wenyewe. Siku ya kwanza Bi Mkato alichapa sentensi yake ya kujaribia mashine: "Nuktangu, chai imepoa." Maneno yote matatu yakapigiwa mstari mwekundu. Lo! Kumbe Kobe alijua lugha za watu, Kiswahili hata salamu hakijui. Nukta akataka kuizima ile mistari, mkewe akamshika mkono.

"Mgeni akiingia kwako hajui lugha, unamziba mdomo au unamfundisha?"

Basi akaanza kumfundisha. Kila neno lililopigiwa mstari alilibofya, akaliongeza kwenye kamusi ya Kobe. Na Kiswahili chetu unakijua: nilipenda, hatukupendana, wangependezwa, kila moja kwa Kobe lilikuwa neno geni. Mteja ana haraka na barua yake ya kuomba kazi, Bi Mkato anamwambia, "Subiri kidogo, mjomba, mtoto yuko darasani."

"Unasomesha bati," Nukta alimtania.

"Bati lenyewe linasikia kuliko wewe."

Miaka ikaenda, mpaka ikawa mstari mwekundu ukitokea, ujue kweli kuna kosa. Wakazoea. Nani hukumbuka kwamba mtoto wake aliwahi kuwa hajui kusema?

Halafu figo zikamchukua Bi Mkato. Aliugua mpaka akabaki mwepesi kama nguo ya kuanua, na hata kitandani aliuliza, "Kobe hajambo?" Nukta alimjibu kwamba Kobe hajambo na atamtunza, hakitapotea kitu chake hata kimoja. Hiyo ndiyo ahadi aliyobaki nayo.

Sasa Kobe mwenyewe akaanza kuzeeka. Mfumo wake ulikuwa wa zamani mno, waliouunda walishauacha. Virusi viliingia na kutoka kama wapangaji, na kazi za wateja hazikufunguka. Mwana mkubwa wa Nukta akapiga simu: "Baba, litupe hilo kopo, nitakutafutia jipya."

"Kopo ni la kwako," Nukta akasema, akakata simu.

Akamwita fundi wa kompyuta, msichana wa mtaa wa pili ambaye Bi Mkato alikuwa akimpenda. Fundi akamfungua Kobe, akapuliza vumbi, akatikisa kichwa.

"Baba, njia ni tatu. Mfumo mpya wa kulipia, huo Kobe hataweza kuubeba, kumbukumbu yake ndogo. Kuna wa kuiba, ambao mimi siuweki. Na kuna Linux, ule mwepesi, wa bure."

"Cha bure mwisho wake majuto."

"Jaribu kwanza. Unauwasha kutoka kwenye flashi, humgusi Kobe. Usipokupendeza tunachomoa."

Akamwachia flashi mbili. Nukta alizijaribu kama mtu anayechagua shuka la kulalia mgeni wa heshima. Ya kwanza ilikuwa maridadi, picha ya mlima, vitufe vinarukaruka. Ya pili ilikuwa ya kawaida, menyu chini kushoto palepale pa zamani. Akachagua ya pili. Fundi alipomuuliza sababu, akasema bila kuona haya, "Mama yako akirudi leo, humu hatapotea."

Fundi akainamisha uso. Kisha akasema, "Kuuweka moja kwa moja ni lazima nifute diski yote. Fikiria vizuri, baba. Ni kitu gani cha mama kimo humu?"

Nukta alifikiri, tena sana. Picha. Barua zake. Kazi za wateja alizochapa yeye. Sauti aliyoirekodi akicheka. Vyote wakavinakili, na Nukta akafungua kimoja kimoja kuhakikisha. Ile picha ya mkewe amevaa miwani juu chini waliiangalia wakacheka wote wawili.

"Kipo kingine?"

"Hakuna. Futa."

Fundi akafuta.

Kobe akaamka mpya. Aliwaka kabla maji ya chai hayajachemka, printa ikaitika, na Nukta akamshukuru Mungu kwamba ahadi imetimia. Akakaa, akachapa sentensi ya kujaribia, ileile: "Nuktangu, chai imepoa."

Nyekundu. Nyekundu. Nyekundu.

Akafungua barua moja ya Bi Mkato, kazi safi ya mwanamke asiyekosea, nayo ikajaa wekundu toka juu hadi chini. Hapo ndipo akakumbuka. Maneno. Yale maelfu ya maneno, asubuhi baada ya asubuhi, mteja ananung'unika benchini. Hayakuwa kwenye faili aliloliona kwa macho, ndiyo maana hakuyataja.

"Nimemfuta," akasema. "Mwanangu, nimemfutia kazi yake yote."

Fundi alidhani ameharibu kitu. Alipoelezwa, akaona afadhali. "Usilie, baba, hilo dogo. Siku hizi kamusi ya Kiswahili ipo tayari, ngoja niiweke."

Akabofya mara chache. Wekundu ukatoweka kwenye barua, wote, kwa muda wa mtu kupiga chafya. Masikini binti wa watu, alitabasamu akingoja kushukuriwa. Nukta alitazama kioo, akaumia kuliko mwanzo. Kazi ya jasho la mkewe ilikuwa imefanywa na kidole kimoja, na wala haikuhitajika tena.

Fundi akarudi kwenye ile sentensi ya kwanza. Chai, safi. Imepoa, safi. Neno moja tu lilibaki na mstari chini yake.

"Hili halimo," akasema. "Nuktangu ni nani? Niliongeze?"

Kishale chake kilikuwa kimeshafika kwenye neno. Nukta akamshika mkono, kama mkewe alivyomshika yeye zamani.

"Acha. Hilo alikuwa akinijua nalo mtu mmoja tu."

Akaichapisha karatasi. Printa ikakohoa, ikaitoa, na kwenye karatasi mstari mwekundu haukuwepo. Akaikunja, akaitia mfukoni, akaenda kuchemsha chai.