Miaka Miwili Aliyoongezewa Kaka

Baba yangu, askari polisi kutoka kaskazini, alimwongezea kaka miaka miwili ili jeshi limchukue. Kaka alikuwa na kumi na sita tu, ila mabega yake yalikuwa ya mchukuzi wa magunia. Pale Nsambya, kwenye kambi ya polisi tulikoishi, si sisi peke yetu tuliofanya hivyo, maana mshahara wa jeshi ulilisha ukoo mzima. Baba mwenyewe alisimama mbele ya afisa, akaapa kwamba kijana ametimiza kumi na nane.

Kabla mwaka haujaisha, kaka alikamatwa pamoja na askari wawili waliomzidi umri. Walikuwa wamevamia duka mtaani Kansanga kwa bunduki, yeye akiwalindia mlango. Kosa hilo mbele ya mahakama ya kijeshi lilikuwa na adhabu moja, kupigwa risasi.

Nilikuwa bado msichana mdogo. Kila gari lilipopunguza mwendo nje, mama alizima redio.

Baba akatuambia kuwa sheria haimuui aliye chini ya kumi na nane. Nilishangaa, na hadi leo nashangaa: serikali iliyochinja watu wazima bila hata kuwauliza majina ilikuwa haijakifuta kifungu hicho. Nikamuuliza kwa nini.

"Mtoto kichwa yake bado," baba akasema. "Wakubwa nasukuma yeye, yeye nakwenda. Samaki mkunje angali mbichi. Sasa ukiua yeye, utakunja nani?"

Mama hakutaka methali. "Wewe utasema kule kortini ulidanganya jeshi? Hawa watu watamaliza wewe!"

"Nikinyamaza, watamaliza mtoto."

Nilimchukia kwa kiapo chake kile, na papo hapo nikatamani kumshika shati asiende. Asubuhi alivaa nguo za kiraia, akaiacha sare kitandani, akaondoka bila kunywa chai.

Aliusema ukweli. Tulijua kwa sababu wale wawili walipigwa risasi, kaka akafungwa. Baba hakurudi. Mama alikwenda kumuulizia kituoni mara moja tu. Afisa mmoja akamnong'oneza arudi nyumbani akalee waliobaki.

Tuliporuhusiwa kumwona kaka gerezani, alikuwa amekonda. Akauliza mbona baba haji, au bado amemkasirikia?

"Baba yako iko kazini," mama akamjibu, huku akinikanyaga mguu nisilie.