Bastola Iliyofungwa kwa Leso

Saa moja na robo asubuhi, Jerotich anagonga mlango wa choo mara tatu na kusubiri. Kimya. Anausukuma kwa mpini wa fagio, na kabla hajatazama sakafu wala pipa la taka, anachungulia ndoano iliyo nyuma ya mlango.

Ndoano iko tupu. Anashusha pumzi, anavuta ndoo ndani na kuanza kazi.

Jerotich, mwenye miaka arobaini na sita, mzaliwa wa Nandi nchini Kenya, husafisha vyoo vya hifadhi moja ya taifa nje kidogo ya Manassas, Virginia. Vyoo kumi na viwili, vyote viwe vinang'aa kabla ya saa nne. Kwa miaka sita amekuta kwenye ndoano hizo makoti, mikoba na siku moja mfuko wenye meno ya bandia.

Jumamosi moja ya Februari mwaka huu wa 2009, alikuta bastola.

Ilikuwa ndani ya ala ya ngozi, imening'inia kama mwavuli. Mwenyewe aliivua ili ajisaidie, akanawa mikono, akaenda zake.

"Niliogopa," anasema. "Kwetu bunduki nimeiona kwa askari tu, tena kwa mbali. Hii ilikuwa peke yake, haina mtu."

La kushangaza ni kwamba mwenye bastola hakuwa amevunja sheria kwa kuingia nayo hifadhini. Tangu Januari, kanuni mpya ya serikali kuu ilikuwa imewaruhusu wenye vibali vya jimbo kubeba bastola zilizofichwa, zenye risasi, ndani ya hifadhi za taifa. Tangazo lilibandikwa stoo, juu ya katoni za karatasi za chooni. Jerotich alisoma ukurasa wa kwanza. Wa pili, uliosema kwamba ndani ya majengo ya serikali wanamofanyia kazi watumishi, kama ofisi ya wageni, katazo liko palepale, hakuufunua. Nani hufunua?

Nje, basi la watoto wa kanisa lilikuwa linashusha. Jerotich akafanya kama alivyolelewa: kitu cha mtu kikipotea, unakisitiri na kukipeleka kwa mkubwa wa mahali. Akafungua leso aliyojifunga kiunoni, akaiviringisha bastola, akaibana kwapani na kukatiza kwenye nyasi kuelekea ofisi ya wageni. Njiani alisalimia watu.

Akaweka furushi mezani na kumwambia askari wa hifadhi kwamba kuna mtu amesahau bunduki yake.

Kilichofuata hajakisahau. Aligeuzwa uso ukutani, akafungwa pingu, akakaa nazo dakika arobaini. Askari alimweleza pole pole, kwa adabu kabisa: hana kibali, ameificha silaha ndani ya nguo, na ameiingiza kwenye jengo la serikali.

Kisha mwenyewe akaja mbio. Akaonyesha kibali, akaonywa kwa maneno, akakabidhiwa bastola yake.

"Aliniambia asante," anasema Jerotich. "Mimi nikiwa na pingu. Na mimi nikamjibu, karibu."

Msimamizi wake, Kalisti, Mtanzania aliyekuja mbio kumtetea, anakumbuka alivyomlaumu. Alimwambia, "Mama Cheryl, ungefunga mlango ukanipigia simu." Jerotich akamuuliza, na kama mtoto angetangulia?

Hakushtakiwa. Lakini jina lake liliandikwa, na hapo ndipo penye kidonda. Jerotich aliingia Marekani kwa bahati nasibu ya viza, na Desemba aliomba uraia. Fomu iliuliza kama amewahi kushikwa na askari kwa sababu yoyote. Akajibu hapana, na wakati huo ilikuwa kweli. Mahojiano ni mwezi ujao, Julai, na ataulizwa tena, safari hii kwa kiapo.

Bila uraia hawezi kumwombea ruhusa ya kuhamia Marekani mama yake, mwenye miaka themanini na moja, anayeishi peke yake Kapsabet na macho yakiendelea kufifia. Cheryl, bintiye wa miaka kumi na sita, alimshauri kwa Kiingereza aseme tu hapana, maana kesi haikuwapo. Jerotich alikataa.

"Mama yangu hawezi kuingia nchi hii kwa uongo wangu," anasema. "Nitawaambia nilishikwa, na ni kwa nini. Wakiamua kuninyima, waninyime wakijua."

Mwezi Machi mahakama ilisimamisha kanuni ile, naye akadhani yamekwisha. Mwezi Mei Bunge likapitisha sheria kamili: kuanzia Februari ijayo, bastola zinarudi hifadhini. Kalisti alibandika tangazo jipya stoo. Safari hii Jerotich alisoma kurasa zote mbili, na hakuamini kwamba ruhusa imerudi.

Akiulizwa atafanya nini akiikuta nyingine, na watoto wako nje, anasimamisha fagio.

"Sitaigusa. Nitasimama mlangoni, niuzibe kwa mwili wangu, mpaka aje mwenye kibali. Kusimama mlangoni hakuhitaji kibali, nimeuliza."

Anabeba ndoo hadi choo cha pili. Anagonga mara tatu.