Pikapu ya Baba Asubuhi ya Mtihani

Juzi kaka yangu alinipigia simu kutoka nyumbani, kule upande wa Mutomo. Mnunuzi wa vyuma chakavu alikuwa anaizunguka pikapu ya marehemu baba pale uani, na kabla ya kutaja bei alitaka kujua ilikuwa na ugonjwa gani ilipoegeshwa. Kaka akaniuliza mimi kwa sababu ndimi niliyeipanda sana utotoni. Nikamjibu kwamba ilikuwa ngumu kuwaka asubuhi, basi. Lakini simu ilipokatika nilikumbuka asubuhi moja nikiwa na miaka kumi na minne, ndipo, rafiki yangu, nikaona heri nikusimulie, ingawa kisa chenyewe hakinipi sifa yoyote.

Pikapu ile ilikuwa ya buluu iliyopauka, na ilinizidi umri kwa mbali. Kuiwasha kulikuwa na utaratibu wake. Baba alivuta choki, kile kishikizo cha kuiongezea petroli injini iliyo baridi, akakanyaga mafuta mara mbili, si tatu, kisha akageuza ufunguo, na sisi sote tukanyamaza. Susu, ndivyo tunavyomwita nyanya huko kwetu, aliacha hata kupuliza moto wa uji mpaka asikie injini imeshika. Ikikataa, baba alifungua boneti na kusema maneno yale yale, "Kwanza moto, halafu mafuta." Maana yake uangalie kwanza kama plagi zinatoa cheche, ndipo uhangaike na kabureta. Nilisimama kando yake asubuhi nyingi mno, na nilijua mambo ambayo wenzangu hawakuyajua. Nilijua, kwa mfano, kwamba maji kidogo tu yakiingia kwenye petroli, gari litawaka vizuri, litakwenda kidogo, litazima, na litakusumbua siku nzima.

Shule yetu ilikuwa ndogo. Mwaka wetu tulikuwa watahiniwa tisa tu, kwa hiyo tulipangiwa kufanyia mtihani wa darasa la nane kwenye shule kubwa ng'ambo ya mto, karibu kilomita kumi na tano. Baba alijitolea kutupeleka siku zote tatu. Mwenzangu wa dawati alikuwa msichana aliyenizidi miaka miwili, na alikuwa akirudia darasa hilo kwa mara ya pili. Kwao walishasema hii ndiyo ya mwisho. Akikosa, ataenda kwa shangazi yake kujifunza kushona, na habari ya kuwa nesi aisahau. Hakuwa mjinga hata kidogo. Aliandika polepole tu, tarakimu moja moja, na mwaka uliotangulia hesabu zilimshinda kwa kukosa muda. Karatasi ya kwanza, asubuhi ya kwanza, ilikuwa hesabu.

Siku moja kabla, baba alinituma sokoni nikamletee petroli. Sasa, kwa susu palikuwa na sheria moja isiyovunjwa, kwamba mtungi hautoki nyumbani bila kusuuzwa. Maji tuliyachota kwenye visima vya kuchimbwa mchangani, mtoni, na aliyeleta maji yenye uchafu aliyarudisha mwenyewe. Siku hiyo nilikuwa nimesuuza mitungi sita ya maji, na wa petroli ulikuwa wa plastiki ya manjano vilevile, umejaa vumbi. Mkono ulishazoea. Nikausuuza na wenyewe, nikaupindua juu ya jiwe, nikajiona mtoto safi. Ila mshikio wa mtungi una uwazi ndani, na maji hujificha humo. Mwenye duka alitia petroli lita kumi juu yake, na jioni baba akaimimina yote kwenye tangi.

Asubuhi injini ilishika mara ya kwanza. Susu alicheka peke yake, akanipa mayai mawili ya kuchemsha, na mwalimu mkuu akapanda mbele na baba. Sisi tisa tukakaa nyuma na rula zetu na penseli. Kulikuwa na baridi ile ya kabla mvua haijaanza, na mbuzi wa watu wamejaa barabarani. Tulikwenda vizuri hadi kilima cha kwanza. Hapo injini ikakohoa, ikavuta, ikakohoa tena, ikazima.

Nilijua papo hapo. Kama kuna jambo moja ningeomba uniamini katika hadithi hii, ni hilo. Niliuona ule mtungi umepinduliwa juu ya jiwe.

Ungesema mtoto mwenye akili angeruka chini na kusema. Mimi nilibaki nimekaa. Mwalimu mkuu alikuwa mkali, wenzangu wanane walikuwa wananitazama kana kwamba gari ni langu, na baba alikuwa mtu wa heshima ambaye sikutaka kumwaibisha mbele ya mwalimu. Tena nilikuwa na tumaini la kijinga kwamba litawaka tu, liende, na isijulikane. Baba akakwangua vichwa vya betri kwa kisu. Akatoa plagi moja, akaiegemeza kwenye chuma, akamwambia mwalimu ageuze ufunguo. Cheche ikaruka, nzuri, ya buluu.

"Moto uko," akasema. "Si umeona, Mwalimu?"

Akairudisha plagi, tukasukuma, injini ikashika. Tulishangilia sote, hata mimi. Tukaenda mwendo wa kutosha kupita makanisa mawili na soko, likazima tena. Safari hii baba alifunga kitambaa chenye maji kwenye pampu ya mafuta, dawa yake ya siku za joto, ingawa jua lilikuwa bado changa. Tukasukuma tena. Mara ya tatu lilizimia mtoni kwenyewe, mto uliokauka usio na daraja, katikati ya mchanga, na mchanga ule hausukumiki. Saa ya mwalimu ilisema saa mbili na robo. Mtihani ulikuwa uanze saa mbili na nusu.

Mwenzangu wa dawati alikuwa amevua viatu na kuviweka juu ya mfuko wake. Alisukuma kuliko wavulana, huku akisema kwa sauti ya chini kanuni ya eneo la duara, mara kwa mara, asije akaisahau.

"Sukuma na wewe," akaniambia. "Unangoja nini?"

Mwalimu mkuu alikuwa mbele anabishana kwamba kasoro iko kwenye umeme. "Hiyo ni pointi, mzee, mimi nakuambia. Ya shemeji yangu ilikuwa hivyo hivyo. Fungua distribyuta."

"Nikiifungua hapa mchangani, hatufiki leo," baba akasema. Lakini aliitazama ile saa, akachukua spana.

Ndipo nilipomwendea. Nilimvuta shati, nikamwambia sikioni kwa Kikamba kwamba jana niliusuuza mtungi. Hakunigombeza. Alinitazama kidogo tu, akavua koti, akalala chali chini ya tangi. Alifungua kizibo cha tangi, akakinga yaliyotoka kwenye chupa ya soda, na ndani yake tuliona wote, petroli juu yenye rangi ya chai hafifu, na chini yake maji meupe. Akayaacha maji yote yatoke. Akafungua bakuli la kabureta, akalipangusa kwa shati, akaupuliza mpira wa mafuta kwa mdomo na kutema.

"Ni mimi, Mwalimu," akasema huku akifunga skrubu. "Nilitia mafuta bila kuangalia mtungi. Kosa ni langu."

Ningeweza kusema pale. Sikusema.

Wanaume wawili waliokuwa wakinywesha ng'ombe walitusaidia kutoka mchangani, na tukafika dakika ishirini na tano baada ya karatasi kugawanywa. Walituruhusu kuingia. Mimi nilimaliza kwa shida. Niligeuza shingo mara moja tu, nikamwona mwenzangu anaandika polepole kama kawaida yake, na msimamizi tayari amesimama kukusanya. Matokeo yalipotoka, alikosa kwa alama chache. Mimi nilienda kidato cha kwanza huko Migwani, na yeye akaenda kwa shangazi.

Mtihani wenyewe siku hizi haupo. Shule yetu iliunganishwa na nyingine, na mtoni wamejenga daraja la zege, watoto wanavuka kwa bodaboda bila hata kutazama chini. Susu alitutoka, na visima vya mchangani vimebaki kwa wachache wasio na bomba. Nikiwahadithia wanangu kuhusu choki wanadhani ni chaki. Wakati mwingine naona kana kwamba niliota utoto wote, isipokuwa asubuhi ile.

Tulipomzika baba, mwenzangu wa dawati alikuja kutoka mji wa Salama, ambako ana duka la kushona sare za shule. Alikaa karibu nami akala wali kidogo, kisha akaniambia jambo ambalo sikuwa nimelisikia. Matokeo yale yalipotoka, baba alikwenda kwao. Aliacha gari nyumbani akaenda kwa miguu, jua la saa saba.

"Alimwambia baba yangu, huyu mtoto si mjinga, ni mimi nilimchelewesha. Akaomba niachwe nirudie tena. Baba yangu akakataa." "Nilimchukia babako miaka mingi, sitakuficha. Kila nikikaa kwa hiyo cherehani nilikuwa namkumbuka. Leo nimekuja kumwambia yameisha."

Alikuwa anatazama kaburi, si mimi. Ulikuwa ni wakati wangu wa kusema habari ya mtungi, na hapakuwa na mwalimu mkuu wala wenzetu saba wa kuogopa. Nilimshika mikono yote miwili nikamwambia asante.