Kitambaa Kati ya Mama na Mume Wangu

Sista aliyesimamia soko letu la Noeli pale misheni ya Kamina alikuwa na akili nyingi, ila zote za shuleni. Kila mwaka kazi za mikono za Wakristo alizipanga darasani kwa aina: vikapu kwa vikapu, nguo kwa nguo. Mwaka ule akaamua vitu vya nyumbani vikae pamoja. Basi vyungu vya mama yangu na viti vya mume wangu akaviweka meza moja, na wenyewe wakae nyuma yake kutwa nzima, bega kwa bega.

Jamani! Mama mkwe na mkwe wake!

Kwetu Waluba, mwanamume na mama mkwe wake, buko wake, hawaangaliani. Hawaongei, hawali pamoja, na wakikutana njiani mmoja anaingia porini hata kama kuna miiba. Si ugomvi, ni heshima. Mume wangu alikuwa mtu wa Kasai, seremala wa reli, na kwao heshima hiyo ni kali vilevile. Tangu anioe, alikuwa amemwona mama mgongo tu, na mgongo wenyewe ukikimbia.

Mimi nilikuwa na mimba kubwa. Ile ya kwanza iliharibika nikiwa peke yangu katika nyumba ya kambi ya reli, mume yuko safari ya kazi, na sasa niliogopa. Sioni haya kusema niliogopa sana. Nilimtaka mama. Lakini nyumba yetu ilikuwa vyumba viwili na mlango mmoja, na mama, aliyekuja na lori kutoka Kabongo kwa ajili ya soko tu, alikuwa akilala kwa dada yake ng'ambo ya reli.

"Ntalala mu nyumba moya na buko?" aliniambia. "Bantu batanicheka mpaka Kabongo."

Desturi hulegea mtoto wa kwanza akishazaliwa. Asante sana! Na kabla hajazaliwa nani atanishika mkono? Njia nyingine ni mkwe atoe zawadi na mama mkwe aipokee. Mume wangu alishatuma kuku, akatuma na kikwembe kizuri cha kuvaa. Mama alivirudisha vyote kwa neno moja: "Bado."

Nilijaribu kumweleza Sista.

"Wamegombana?" akauliza.

"Hapana, Sista. Wanaheshimiana."

"Kama hii ni heshima," akasema, "Mungu atuepushe na ugomvi wao." Akaenda kupanga vikapu.

Basi nikachukua nguo ya meza niliyoidarizi mwenyewe, yenye maua mekundu pembe zote, nikaitundika kwenye kamba katikati. Mama upande huu na vyungu, mume upande ule na viti, mimi na tumbo langu mbele yao nikipeleka maneno.

"Ambia ule muntu asogeze mbao zake," mama anasema, na ule muntu yuko karibu mpaka mama anamsikia akimeza mate.

"Ambia mama nimesogeza," mume anajibu.

Nilishinda nikiwaambia watu maneno waliyokwisha kuyasikia.

Kilichomuudhi mama zaidi ni kiti kimoja. Mume wangu alikileta kimefunikwa gunia: kiti kifupi cha mulombwa, ule mti mwekundu, kimechongwa na kung'arishwa vizuri ajabu. Kila mnunuzi alikitaka hicho, na kila mmoja alijibiwa: "Hii haiko ya kuuzisha." Watu wakaondoka. Nyuma ya kitambaa mama akasonya.

"Muuzaji gani anafukuza bantu? Mutoto wangu ataolewa na njaa."

"Nimeshaolewa, mama."

"Njo ile nasema: njaa."

Misa ilipoisha watu wakajaa. Akaja madamu mmoja wa Kizungu, akatazama vyungu, akatazama viti, halafu akatazama kitambaa na macho yakamng'aa. Sista akafurahi. Kabla sijafungua mdomo akakivuta kutoka kwenye kamba na kuanza kumkunjia madamu.

"Sista, ile haiko ya kuuzisha!" nikapiga kelele. Meza yetu siku hiyo ilikuwa na balaa, haikutaka kuuza kitu.

Nimechelewa. Mama na mume wangu wameonana uso kwa uso.

"E Vidye!" mama akamlilia Mungu, akanyakua kilichokuwa karibu, chungu kipana cha kupikia bukari, ugali wetu, akajivika kichwani mpaka mabegani. Mume wangu akageukia ukuta, paji la uso kwenye chokaa. Na madamu, ambaye sasa alikuwa amekipenda na chungu, akauliza bei yake. Kutoka ndani ya chungu sauti ya mama ikataja bei, na haikupunguza.

Watu walicheka. Mimi nikalia. Mgongo uliniuma, na nilijua kwa aibu hii mama atapanda lori la kwanza na kuniacha na ile nyumba.

"Mama, miye niko na woga!" nikasema mbele ya wote. "Nitakufa na mutoto mule ndani, na nyinyi muko munaheshimiana!"

Kisha nikasikia kitu kikiburutwa sakafuni. Mume wangu, uso bado ukutani, alikuwa anasukuma kile kiti chekundu kwa kisigino, kinyumenyume, kidogo kidogo, mpaka kikamgusa mama mguuni.

"Ambia mama hii kiti ni yake," akasema. "Nilimuchongea yeye. Kama hataki, airudishe. Lakini yeye abakie na weye."

Mkono wa mama ukatoka chini ya chungu. Ukapapasa ukingo wa kiti, ukashuka miguuni, polepole, vile alivyozoea kupapasa chungu kibichi akitafuta ufa. Kisha akakaa, na chungu chake kichwani. Wanawake waliojua maana yake wakapiga vigelegele, na wasiojua wakaitikia.

"Buko," mama akasema mle ndani. Hakupitia kwangu. "Hii kiti inachezacheza. Muguu moya iko mufupi. Ntakuya nayo kwako, utaitengeneza."

Uongo mtupu. Mume wangu hakuwahi kutoa kiti kinachocheza.

"Ndiyo, mama," akauambia ukuta. "Ntaitengeneza."

Mama alikaa kwetu mpaka mtoto wetu wa kike akatambaa, na baadaye alirudi kila mwaka. Mume wangu alitoboa mlango wa pili nyuma bila kumwomba mkubwa yeyote wa reli ruhusa. Kila mama alipotaka kuongea naye, iwe ni homa ya mtoto au chumvi imekwisha, alitoa kiti nje na kutangaza kwamba kinacheza. Mume wangu alikuja na randa, akakaa amempa mgongo, akapunguza mguu kidogo, nao wakaongea mpaka nikawaita kula, kila mtu mahali pake.

Kiti kiliendelea kufupika. Siku tuliyomzika mama, mume wangu alikitoa nje, akakikalia, magoti yakamfika kidevuni. Alikitikisa huku na huku kwa muda mrefu.

"Haichezi tena," akaniambia.