Baiskeli Yenye Geti

Pale kijijini Daudi, redio ikikata ghafla katikati ya matangazo ya vifo, usiilaumu redio. Judica amewasha mashine ya kuchomelea. Taa za nyumba sita zinafifia, na jirani anatoka nje na kupaza sauti juu ya ua: "Mama Hilda! Hebu subiri kwanza tujue nani kafa!"

Naye anajibu bila kuinua kichwa: "Kama si wewe, rudi ukapike!"

Judica ana miaka arobaini na saba, mfupi, mabega mapana, na nyusi zake ziliungua siku nyingi kwa cheche hata hakumbuki zilikuwaje. Alizaliwa Gendabi, kule Hanang, akajifunza baiskeli angali msichana kwenye barabara iliyonyooka. Alipoolewa huku Daudi akakuta vilima vimebanana kama viazi ndani ya gunia, na baiskeli za dukani zinakatika shingo kila msimu wa vitunguu. Ya mume wake, Modest, ilikatika mara tatu kwa mwaka mmoja. Fundi wa mjini alimwambia njoo kesho, na kesho ya fundi yule ilichukua wiki tatu. Judica hakurudi nyumbani kununa. Kila siku alikwenda kukaa kwenye benchi la yule fundi, akaangalia anavyofanya na anavyokosea, na wiki ya nne akauza mbuzi wawili akanunua mashine yake mwenyewe.

Tangu hapo hatengenezi baiskeli, anaziumba upya. Anakata fremu, anarefusha, anashusha, anaongeza bomba pale panapochoka. Muuza maziwa alipata fremu ndefu ya madumu manne. Nesi wa zahanati, dada mmoja kutoka Lindi mwenye miguu mifupi, alipata iliyoshuka hadi gauni la kazi halinaswi popote. Theodory wa kwaya alitaka ya kubebea kinanda. Akapewa, na sasa kinanda kinafika kanisani salama kabisa, shida imebaki kwa mpigaji.

Siri ya Judica ni kipimo. Mteja anasimamishwa ukutani, anapimwa mguu kwa fimbo toka kisigino hadi unapoishia, na hakuna cha aibu. "Kaa wima. Mimi napima chuma, wewe bahati mbaya tu umesimama njiani."

Shida ilikuwa kwamba karakana yake haikuwa yake. Ilikuwa banda la zamani la ndama la baba mkwe wake, Mzee Qamara, na pale nyumbani hapakuwa na chumba kingine chenye waya wa kubeba mashine ile. Miaka mingi mzee hakujali, maana hakuwa anakaa nyumbani. Alikuwa mtu wa mnadani. Alijua kila fahali wa tarafa nzima na kila uongo wa kila dalali. Lakini miaka miwili iliyopita fahali mmoja alimpiga goti la kushoto, goti likapona bila kukunja, na baiskeli ya kurukia mguu juu ya bomba ikawa ndiyo basi. Tangu siku ile anakaa kwenye kigoda uani toka asubuhi, amelinyoosha goti mbele yake kama mtu anayelianika, akisikiliza grinda ikikata vyuma.

Sasa, katika ukoo ule mkwe na mke wa mwanawe wanaheshimiana sawasawa. Hawagusani, hawakai benchi moja, na baada ya salamu hawaongei ana kwa ana. Mzee Qamara na Judica wameishi miaka ishirini na mbili kwa utaratibu huo, na kila lenye kuhitaji kusemwa limepitia kwa ng'ombe mwekundu aliyefungwa uani.

"Shikamoo baba," alisema Judica Jumatatu moja asubuhi.

"Marahaba." Mzee akamgeukia ng'ombe. "Wewe ng'ombe, hivi unajua ndama wako ananyeshewa, na nyumba yake imejaa vyuma?"

Judica naye akamtazama ng'ombe. "Ng'ombe, mwambie baba ndama wako ana manyoya. Vyuma vyangu havina."

"Ng'ombe, mwambie huyo mama kwamba wiki ijayo ndama anaingia mle. Vyuma vitafute pa kulala."

Ng'ombe akaendelea kutafuna. Modest, aliyekuwa akichambua mbegu za maharage barazani, akainamia ungo kana kwamba ndani yake kuna habari muhimu.

Judica aliingia karakanani akakaa. Bila banda lile hakuna umeme, bila umeme hakuna mashine, na bila mashine yeye ni mama wa kawaida mwenye nyusi zilizoungua. Kupitia tundu la dirisha akamtazama mzee. Alimtazama kwa muda mrefu kuliko adabu inavyoruhusu. Mzee alikuwa anafuata kwa macho lori la ng'ombe lililokuwa likipita barabarani, hadi lilipozama kwenye kona, kisha akaangalia pale kwenye kona patupu.

Mzee huyu hachukii banda, akajiambia. Anachukia kigoda.

Akatoka. "Ng'ombe, muulize baba. Akipata baiskeli ya kumfikisha mnadani, ndama atavumilia?"

Mzee akamgeukia ng'ombe: "Ng'ombe, mkumbushe kwamba goti halikunji. Na mimi baiskeli ya kike sipandi."

"Ng'ombe, mwambie itakuwa ya kiume kuliko waliozoea kupanda za kiume."

Mzee akakohoa. "Basi Jumamosi hii. Nikienda na kurudi bila kushikwa wala kubebwa na mtu, banda abaki nalo. Nikiguswa hata na kidole, ndama anaingia."

"Baba," Modest akathubutu, "sasa hayo masharti..."

"Nilikuwa naongea na ng'ombe."

Siku nne zile majirani hawakusikia tangazo la kifo hata moja. Judica alikata fremu ya zamani akaizaa upya: bomba la chini akaliweka mara mbili ili libebe uzito wote, mkono wa pedeli ya kushoto akaufupisha ukabaki nusu ili goti lisilazimike kukunja sana, na bomba la juu, lile linaloitambulisha baiskeli ya mwanamume, akalitia bawaba upande mmoja na komeo upande mwingine. Likawa geti. Mzee akifika anafungua, anapita na mguu wake ulionyooka kama bwana anayeingia shambani kwake, anafunga, anaondoka. Ukiitazama kwa mbali, ni baiskeli ya kiume kamili.

Kilichobaki ni kipimo.

"Kampime baba yako mguu," alimwambia Modest.

"Mimi?" Modest alishtuka. "Nimwambie mzee wa miaka sabini na tatu asimame nimpime? Atauliza kama sanduku limeshaagizwa."

Kumpima mwenyewe ndiyo haikuwezekana kabisa. Fimbo ingeguswa na mkwe huku na mkamwana kule, na ukoo mzima ungeitwa kikao. Judica akafikiri, akaenda nyuma ya nyumba. Suruali ya kaki ya mzee, ile ya mnadani, ilikuwa imefuliwa na kuanikwa kwenye kamba. Akaipima ndani toka unakoishia mguu hadi kwenye pindo, mara mbili, akaandika kwa chaki. Kwa hesabu ile akaweka kiti. Na kwa kuwa mnadani wezi wa viti vya baiskeli hawana huruma, kiti chenyewe akakichomelea kabisa. Hakipandi, hakishuki, hakiibiki.

Jumamosi mzee alivaa suruali ile, koti, kofia, na mabuti yake ya mpira. Akapanda akiwa juu ya ngazi ya baraza, akafunga geti, tak, na ule mlio ulimfurahisha waziwazi. Modest alisukuma kidogo keria ya nyuma, na mzee akateremka kilima, koti limejaa upepo. Judica akarukia baiskeli yake na kufuata, kikapu cha zana mbele.

Safari ilikwenda vizuri hadi mnadani. Mzee alikata kona ya mti wa matangazo, akaingia uwanjani kati ya wauza sufuria na wauza mbuzi, akafunga breki polepole, akashusha mguu wa kulia ili asimame.

Mguu haukukuta ardhi.

Alitafuta tena, kama mtu anayetafuta ngazi gizani. Hakuna. Baiskeli ikaanza kulala upande, na mzee, kwa akili ya haraka ambayo lazima asifiwe, akakanyaga pedeli akaendelea mbele. Kusimama ni kuanguka, na kuruka haiwezekani, geti limefungwa na goti halikunji. Basi akauzunguka uwanja.

"Mzee Qamara!" watu wakaanza kuita. "Shikamoo mzee! Umepona!"

"Marahaba," alisema, akapita.

Mzunguko wa pili wakapiga makofi. Wa tatu akina mama wa viazi wakapiga vigelegele. Mzee Basili, rika lake, ambaye magoti yake mwenyewe yalikuwa yamemweka kwenye gogo tangu asubuhi, alipiga kelele: "Qamara! Punguza, bwana! Unatuaibisha wenye magoti!"

"Marahaba," alisema mzee, maana kichwani hapakuwa na neno jingine lililobaki.

Judica alikuwa amesimama katikati ya uwanja, na alikwisha ona. Aliona buti la kulia likiogelea hewani vidole vinne juu ya ardhi. Mzunguko wa nne mzee alipita karibu na kundi la ng'ombe wa kuuzwa, akawapigia kelele wote kwa pamoja: "Nyie ng'ombe! Mwambieni huyo mama kiti kiko juu!"

Judica akakimbia sambamba naye. "Ng'ombe! Mwambieni baba asifunge breki!"

"Ng'ombe! Mwambieni nimechoka!"

"Ng'ombe, mwambieni nikimgusa banda limekwenda!"

Mwenye ng'ombe akatazama mifugo yake kwa mashaka, kana kwamba kuna jambo wamemficha.

Mzunguko wa sita kofia ilianguka. Wa saba mguu wa kulia uligoma kukanyaga, usukani ukayumba kuelekea kwenye sufuria, na Mzee Qamara, kwa mara ya kwanza katika miaka ishirini na mbili, akamgeukia mke wa mwanawe, akamtazama usoni, akapaza sauti:

"Mama Hilda! Nishike!"

"Siwezi kukushika, baba!"

"Basi shika chuma!"

Judica akadaka keria kwa mikono miwili, akakita visigino, akaburutwa hatua sita kati ya makarai, na baiskeli ikasimama. Akaishikilia wima. Hakumgusa mzee hata ukosi. Mzee akafungua komeo, akashusha mguu taratibu, akapita getini, akasimama juu ya ardhi kama bwana.

Uwanja ulilipuka. Waliona geti.

"Limefunguka!" alisema Basili, akainuka kwenye gogo lake bila kusaidiwa, jambo ambalo halikuwa limetokea tangu mavuno. "Qamara, hiyo imefunguka kama zizi!"

"Kazi ya nyumbani kwangu," alisema mzee, akiokota kofia.

Lakini alikuwa bado hajarudi nyumbani, na kurudi ndiyo nusu ya masharti. Judica alitoa msumeno wa chuma kwenye kikapu. Kiti kishushwe vidole vinne hapo hapo, ila safari hii hakati bila kipimo cha kweli. Akamkabidhi Basili fimbo yake na kugeuka, akatazama mbuzi.

Basili akainama mbele ya rafiki yake, akakunjua pindo la suruali pale lilipozama ndani ya buti. Likashuka. Likaendelea kushuka.

"Qamara. Hii suruali ni ya nani?"

"Ni ya mtumba."

"Alikuwa mrefu huyo Mzungu."

"Hapakuwa na fupi," alisema mzee kwa hasira, na pale kwa mbuzi mabega ya Judica yakaanza kucheka yenyewe.

Alikata nguzo ya kiti, akakirudisha kwa waya na mpira wa tyubu aliouzungusha hadi ukawa mgumu kama fundo la kamba ya mashua. Mzee akapanda, akakanyaga ardhi kwa mguu wa kulia, akabonyeza mara mbili ahakikishe ni ardhi kweli. Kilima cha Daudi alikipanda vipande vipande: panapoinuka sana anafungua geti, anashuka, anaisukuma baiskeli huku ameiegemea, panapolala anapanda tena. Judica alifuata nyuma hatua ishirini. Njiani walipitwa na gari mbili zilizojitolea kumpa lifti. Mzee alizifukuza kwa mkono kama nzi.

Alipofika uani alimkuta Modest amesimama na kamba ya ndama mkononi, hajui amfunge au amfungue.

"Umebebwa, baba?"

"Nani kakwambia? Chuma ndicho kilichoshikwa. Banda ni la mama Hilda. Huyo ndama mpeleke kwako."

"Kwangu wapi, baba?"

"Kwani sebuleni mna nini? Makochi tu."

Jumatatu Judica alifungua karakana akakuta wazee wanne wamekaa kwenye benchi la nje, mabuti yamepangwa mbele, magoti saba mabovu kwa jumla. Basili ndiye wa kwanza. Wote ni wa ukoo, wote ni wakwe zake kwa namna moja au nyingine, na hakuna hata mmoja ambaye Judica anaweza kumpima. Kabla Judica hajafungua mdomo, Mzee Qamara alikwisha inuka na fimbo.

"Simama wima, Basili. Pandisha suruali. Sitaki habari za mtumba hapa."

Akawapima mmoja mmoja, akasoma vipimo kwa sauti ili vifike ndani. Judica aliviandika ukutani kwa chaki, akavitazama, akachungulia dirishani, akavitazama tena. Kila mzee alikuwa amepunguzwa vidole viwili, ili Daudi nzima pasipatikane mwenye miguu mirefu kuliko Qamara.

Alimwongezea kila mmoja vidole vyake viwili, akawasha mashine.